Banda Kwanza, Sungura Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Kufuga Sungura wa Nyama Nyumbani Dar es Salaam

Kila mwaka kati ya Januari na Machi napigiwa simu ya aina moja. "Kaka, asubuhi nimewaacha wazima kabisa. Nimerudi kazini nimekuta wawili wamelala ubavu." Anayepiga anataka jina la dawa. Mimi namuuliza banda limeezekwa kwa nini. Karibu kila mara jibu ni bati, tena la chini, na nyuma yake kuna ukuta wa tofali unaozuia upepo. Hapo hakuna dawa ya kumtajia.

Najua uchungu wake. Februari ya mwaka wangu wa kwanza nilipoteza majike watatu ndani ya siku mbili, mmoja akiwa amebakiza siku nne kuzaa. Nilikuwa nimenunua sungura kwanza, kisha nikahangaika na banda, kisha nikaanza kuuliza wanakula nini. Mpangilio huo ndio uliowaua, na ndio ninaoukuta kwa wengi wanaoniuliza.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sungura ananunuliwa mwisho. Maandalizi huchukua wiki nane hadi kumi. Ukianza wiki ya tatu ya Machi, joto likiwa bado kali, utapima mahali pako kwa haki. Masika utalijaribu paa, na mwanzoni mwa Juni, upepo wa kusi ukiwa umeshapoza jiji, utapokea wanyama wako.

## Vitu vya kuwa navyo

Hesabu hii ni ya majike wawili na dume mmoja. Usianze na zaidi ya hapo.

- Vizimba vitatu vya wakubwa, kila kimoja urefu sentimita 90, upana 60, kimo 45. Ongeza viwili vya kukuzia watoto, urefu sentimita 120.
- Waya meshi wa kuchomelewa, matundu ya nusu inchi kwa inchi moja kwa ajili ya sakafu. Kuta zinaweza kuwa na matundu ya inchi moja.
- Mirunda au mbao za mbili kwa mbili, makuti ya kutosha, na turubai moja.
- Masanduku mawili ya mbao ya kuzalia, sentimita 45 kwa 30 kwa 30.
- Vibia vizito vya udongo, viwili kwa kila kizimba.
- Kipimajoto cha ukutani na mizani ya kuning'iniza ya kilo 10.
- Pipa lenye mfuniko unaobana kwa ajili ya chakula.
- Chupa nane za plastiki za lita moja na nusu, za kugandisha barafu.
- Makopo ya kuwekea miguu ya vizimba, na oili chafu kutoka gereji.
- Daftari, na kisu kikali ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine.

Waya na bawaba utapata Gerezani na Kariakoo. Mbao usinunue zilizopakwa dawa kali ya mchwa, kwa sababu sungura atazitafuna.

## Hatua ya 1: Kubaliana na watu wa nyumbani

Swali la kwanza ni nani atachinja na nani atakula. Kwa Waislamu wa Sunni sungura ni halali akichinjwa kwa utaratibu wake. Mashia Ithnaasheri hawamli. Wasabato nao hawamli, wakifuata Walawi sura ya 11. Katika nyumba za Dar watu wa imani hizi wanaweza kukutana kwenye sufuria moja, hivyo uliza mapema, usije ukajenga kisha mama mkwe akakataa chungu chake kutumika.

Wapo pia watoto. Waambie tangu mwanzo kwamba dume na majike watapewa majina, lakini wa nyama watakuwa na namba tu. Ukiwaficha, watakuamini kidogo zaidi siku ile watakapokuta kizimba kitupu.

Kama umepanga, mwenye nyumba ajue. Pitia na serikali ya mtaa uulize sheria ndogo za manispaa yako kuhusu mifugo ya nyumbani. Jirani unayepakana naye umweleze kwa mdomo wako kabla harufu haijamweleza.

Halafu fanyeni hesabu ya kweli. Majike wawili, kila mmoja akizaa mara nne kwa mwaka na kukuza watoto watano kila uzao, wanakupa sungura 40. Sungura wa kilo 2.2 anatoa takriban kilo 1.1 ya nyama na mifupa yake. Hizo ni kilo 44 kwa mwaka, yaani pungufu ya kilo moja kwa wiki. Ni kitoweo kizuri cha familia, lakini hakijengi nyumba. Mtu akikuuzia sungura kwa ahadi kwamba atawanunua watoto wote kwa bei kubwa, muage kwa adabu. Wengi niliowaona wakiingia kwenye mikataba ya namna hiyo walibaki na vizimba vimejaa na simu isiyopokelewa.

Umefanikiwa kama: kila mtu mzima nyumbani ametaja siku yake ya zamu, na mchinjaji anajulikana kwa jina.

## Hatua ya 2: Pima joto la mahali kabla ya msumari wa kwanza

Sungura hatoi jasho. Anapunguza joto kwa kupumua na kupitia masikio yake. Anastarehe kwenye nyuzi 15 hadi 21, hali ambayo Dar tunaiona usiku wa miezi ya baridi tu, kama Julai. Ikipita 30 anaanza kuteseka, ikikaribia 35 anaweza kufa, na unyevu wa pwani unaongeza uzito wa joto hilo. Hatuwezi kumpa hali ya hewa ya Lushoto. Tunachoweza ni kutafuta kona yenye nafuu kuliko zote kiwanjani.

Chagua sehemu mbili au tatu. Tundika kipimajoto kivulini, mita moja kutoka ardhini, usome kila siku kati ya saa saba na saa tisa mchana kwa siku saba. Andika kwenye daftari. Kama unashinda kazini, mwombe aliyepo nyumbani akutumie picha ya kipimo.

Kivuli cha mti ni bora kuliko kivuli cha ukuta, kwa kuwa ukuta hunyonya jua mchana na kulirudisha jioni. Mwembe, mkungu na mwarobaini vyote vinafaa. Kwenye mwembe angalia viota vya maji moto, wale chungu wanaojisokotea majani. Wakishuka kwenye sanduku lenye watoto wasio na manyoya, hutakuta kitu.

Jambo la pili ni upepo. Kaskazi unavuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi unachukua zamu baada ya masika. Basi pande ndefu za banda zitazame kaskazini na kusini zikiwa wazi, na ncha fupi zitazame mashariki na magharibi zikiwa zimezibwa kwa makuti. Kwa mpangilio huo upepo wa misimu yote miwili unapita, ilhali jua la asubuhi na la saa kumi jioni halipigi ndani.

Tahadhari: usitegemee feni. Umeme hukatika, na hukatika hata saa nane mchana ya Februari.

Umefanikiwa kama: ndani ya Machi kipimo cha mchana hakizidi 31 au 32, na ukilowanisha mkono unahisi upepo. Pakisoma 34 siku baada ya siku, usijenge hapo hata kama ndipo palipobaki. Ni afadhali uahirishe.

## Hatua ya 3: Jenga banda na vizimba

Ezeka makuti. Fundi wangu alinibishia: "Kaka, bati ndiyo mali, makuti baada ya miaka mitatu unarudi tena." Ni kweli, ninarudi. Ninabadilisha makuti, sibadilishi sungura. Kama bati unalo tayari, liinue angalau mita 2.5 na uweke tabaka la makuti chini yake, ukiacha nafasi ya shubiri moja katikati ili hewa moto itoke.

Vizimba vikae ngazi moja tu, sakafu zake zikiwa mita moja kutoka ardhini. Vizimba vya ghorofa vinapendeza kwenye picha, lakini wa chini hunyeshewa mkojo wa wa juu, na wa juu hukaa karibu na joto la paa.

Kwa sakafu, wavu wa kuku haufai. Uzi wake ni mwembamba, unakata nyayo, mguu wa mtoto hupita na kuvunjika, na mbwa akiamua huuchana. Tumia ule wa nusu inchi kwa inchi moja, ambao kinyesi hudondoka kupitia matundu yake na mguu haupiti. Kila kizimba weka kipande cha ubao laini, sentimita 30 kwa 25, sungura apumzishe nyayo. Usipoweka, majike wazito hupata vidonda vya miguu, na jike mwenye vidonda hanyonyeshi vizuri.

Weka kila mguu wa kizimba kwenye kopo lenye oili chafu ili kuzuia siafu. Siafu wakija usiku mmoja tu wanatosha kumaliza ulichojenga kwa mwaka. Makopo yachunguzwe kila wiki, kwa sababu majani yakianguka ndani yanakuwa daraja.

Turubai lining'inizwe upande wa mvua, likikunjwa juu kama pazia. Unalishusha masika mvua ikija kwa ubavu na kulikunja mara inapokatika. Usiache limeshuka siku nzima, utakuwa umejenga tanuri.

Kisha fanya majaribio matatu, banda likiwa bado tupu:

1. Pitisha kiganja kitupu ndani ya kila kizimba, pembe zote. Panapokuchoma mkono patamchoma sungura.
2. Mwaga ndoo mbili za maji juu ya paa, uangalie yanapodondokea.
3. Weka kikombe cha pumba ndani ya kila kizimba kwa usiku mitatu. Ukikuta pumba imepungua au kuna mavi ya panya, bado kuna tundu. Panya hula watoto wachanga, na pengine hutaona hata damu.

Umefanikiwa kama: mkono umetoka mzima, vizimba ni vikavu, na pumba iko kama ulivyoiacha.

## Hatua ya 4: Maji

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Sisi tunaogea na kufulia, lakini sungura akipewa maji ya chumvi hunywa kidogo, akinywa kidogo hula kidogo, na jike hukauka maziwa. Yaonje. Kama wewe hungeyanywa, usimpe.

Jike anayenyonyesha kwenye joto anaweza kunywa lita moja na zaidi kwa siku. Weka akiba ya siku tatu kwa mgao wa maji. Vibia vya udongo vinayaweka baridi kuliko plastiki na havipinduliwi. Osha na kujaza asubuhi, halafu tena jioni, kwa kuwa sungura hula na kunywa zaidi usiku.

## Hatua ya 5: Lisha sungura ambao bado huna

Hili ndilo zoezi ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo watu wanaloruka. Kwa siku saba mfululizo, kata majani, yapime, yaanike kivulini, yabebe hadi kwenye banda tupu. Yote, kana kwamba wanyama wapo.

Sungura wa kilo nne anayekula majani pekee anahitaji kati ya gramu 800 na kilo moja ya majani mabichi kwa siku. Wakubwa watatu ni kilo 2.4 hadi 3. Jike akinyonyesha zidisha chakula chake mara mbili au zaidi. Watoto 12 waliokwisha kuacha ziwa watataka kilo sita. Siku ya nne ya zoezi utajua kama kazi yako ya mjini na foleni ya Mbagala vinakuruhusu, au kama unahitaji kununua peleti, yaani chakula cha kiwandani cha punje, kwa nusu ya mlo. Kwa mfugaji wa mjini mwenye ajira, naona nusu kwa nusu ndiyo njia ya busara: gramu 60 hadi 80 za peleti kwa mkubwa asiyenyonyesha, na majani nusu kilo.

Yanayofaa kila siku: ukoka na nyasi nyingine, mabingobingo yakiwa machanga, majani ya mahindi, matembele, mashona nguo, majani ya mlonge, majani ya mgomba kwa kiasi. Nyasi ziwe ndizo nyingi kuliko vyote, kwa kuwa nyuzinyuzi ndizo zinazofanya tumbo la sungura litembee. Kabichi, mchicha na lusina ni vya kuonja, visiwe mlo.

Yanayoua au kudhuru: kisamvu kibichi, majani na matunda ya parachichi, majani ya nyanya, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, mnyonyo, na lantana ile yenye maua ya rangi rangi inayopandwa kwenye nyua. Ugali, wali na mkate wa jana navyo vinachachuka tumboni. Najua tumezoea kwamba mfugo ndiye mla mabaki. Sungura siye.

Majani yanyaushwe kivulini nusu siku kabla ya kulishwa. Usilishe yenye umande, na usiyaache yamelundikana kwenye kiroba, yanapata moto na kuoza. Usikate kando ya Mto Msimbazi, kwenye mitaro ya maji machafu, wala mahali mbwa wanapozurura.

Peleti na pumba zikivunda hupata sumukuvu, nayo ni hatari sana kwa sungura. Unyevu wa Dar unaharibu chakula haraka, kwa hiyo nunua cha mwezi mmoja tu, kitunze kwenye pipa lililoinuliwa juu ya matofali. Kikinuka uvundo, tupa chote, hata kama roho inauma.

Umefanikiwa kama: daftari lina uzito wa majani wa siku saba bila siku iliyorukwa, na una sehemu mbili tofauti za kukatia, moja ikiwa ni ya akiba.

## Hatua ya 6: Chagua mbegu halisi

Mbegu halisi ni ile inayozaa mfano wake. Ukimbakiza binti, naye anakupa watoto wanaokua kama yeye alivyokua. Chotara wa mtaani anaweza kuwa mkubwa na mzuri, lakini watoto wake wanatoka kila mmoja na ukubwa wake, na hutajua umchinje yupi na umwache yupi.

Kwa nyama ninapendekeza New Zealand White au California White. Wa kwanza ni mweupe mwili mzima na macho mekundu, ambayo si ugonjwa. Mkubwa wake anafika kilo nne hadi tano. Wa pili ni mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia vya rangi nyeusi, na ni mdogo kidogo. Watoto wa California huzaliwa weupe, weusi unajitokeza baadaye. Tena weusi huo unategemea ubaridi wa ngozi, hivyo wa Dar anaweza kupauka hadi kahawia. Usimkatae kwa hilo peke yake.

Chinchilla naye ni mzuri ukimpata. Flemish Giant mwache. Anapita kilo sita, anavutia wageni, lakini anakula sana, mifupa yake mizito, anachelewa kukomaa, na joto letu linamuelemea.

Sungura pori anayeletwa kwenye kiroba usimnunue. Ni mnyamapori, ni mnyama wa jamii tofauti, hazai na huyu wa kufugwa.

Nenda kwa mfugaji asubuhi, uwaone wazazi. Nunua wenye miezi mitatu hadi minne, majike kutoka nyumba moja na dume kutoka nyumba nyingine, wasiwe ndugu. Kagua hivi:

- Pua kavu. Geuza miguu ya mbele: manyoya yaliyogandamana kwa kamasi yanaonyesha anajifuta mafua.
- Ndani ya masikio kusiwe na magamba ya kahawia. Huo ni ukurutu.
- Meno ya mbele yakutane, yasipishane.
- Sehemu ya nyuma iwe safi, bila alama ya kuhara.
- Jinsia. Bonyeza taratibu juu ya sehemu ya siri: jike anaonyesha mpasuko, dume anatoa kijibomba cha mviringo. Kagua mwenyewe kila mmoja. Nimeshaona "jozi" iliyokaa miezi saba bila kuzaa, na wote wawili walikuwa madume.

## Hatua ya 7: Siku ya kuwaleta, na wiki mbili za kwanza

Safirisha alfajiri au usiku. Tumia tenga lenye hewa, nyasi chini, kila mmoja na nafasi yake. Kiroba juu ya bodaboda saa sita mchana kimewaua wengi kabla hawajafika getini.

Mwombe muuzaji kilo mbili za chakula walichozoea. Kwa siku saba changanya cha kwake na chako, ukiongeza chako kidogo kidogo. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vilivyozoea mlo fulani, na mlo ukibadilika ghafla vijidudu hivyo vinakufa, sungura anaharisha, na huna muda mrefu wa kumwokoa.

Wakae siku 14 mbali na sungura wengine wowote. Usiku utamwona akiinama kula kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma yake. Mwache. Ndivyo anavyopata vitamini, na akizuiwa atadhoofika.

Joto likipanda, weka chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa pembeni mwa kizimba, atailalia mwenyewe. Anayehema mdomo wazi, masikio mekundu, pua imelowa, msogeze kwenye upepo na umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu, mshtuko humuua.

## Hatua ya 8: Daktari na dawa

Mtafute daktari au afisa mifugo wa kata yako kabla hujamhitaji. Muulize wazi kama ameshatibu sungura, kwa sababu wengi wamezoea kuku na ng'ombe.

Muuaji mkuu wa watoto baada ya kuacha ziwa ni koksidia, vimelea vya tumboni. Dalili zake ni kuhara, tumbo kuvimba, kukonda. Sakafu kavu ya waya ndiyo kinga, na daktari anaweza kuagiza amproliamu kwenye maji. Ukiwa na shaka, kinyesi kinaweza kupimwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari iliyopo Temeke. Ukurutu unatibiwa kwa ivamektini, kipimo akitoe daktari kwa uzito wa mnyama.

Tahadhari kubwa: usimpe sungura amoksilini wala dawa nyingine za jamii ya penisilini kwa mdomo. Zinaua vijidudu vya tumboni, naye hufuata. Dawa za kupe na viroboto zenye fipronil zilizotengenezwa kwa mbwa ni sumu kwake. Vitu hivi viwili vinapatikana kirahisi mtaani, ndiyo maana navisisitiza.

## Hatua ya 9: Panga uzao kwa kalenda ya Dar

Jike wa mbegu hizi anapandishwa akiwa na miezi mitano hadi sita na amekaribia uzito wa mkubwa. Mimba ni siku 31, pungufu au zaidi kwa siku moja mbili. Sasa pangilia: waliofika Juni na miezi minne wanapandishwa Agosti, wanazaa Septemba, watoto wanaacha ziwa Oktoba, wa kwanza wanachinjwa karibu na Krismasi.

Januari na Februari usiwe na jike anayezaa. Na kumbuka dume aliyepigwa na joto la Februari anaweza kukosa uwezo wa kutungisha mimba kwa hadi miezi miwili baadaye. Majike wakikosa mimba Machi, usikimbilie kulaumu majike.

Jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukipeleka dume kwa jike, jike analinda nyumba yake na anaweza kumng'ata pabaya. Tendo ni la sekunde chache, dume huanguka ubavu. Rudia baada ya saa chache, andika tarehe, mrudishe jike.

Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Jike atanyonyoa manyoya yake mwenyewe kutandika. Kwa joto letu usijaze nyasi kama wafanyavyo watu wa nyanda za juu, na sanduku liwe na matundu madogo chini ya kupitisha hewa.

Asubuhi baada ya kuzaa, ondoa waliokufa na uhesabu waliopo. Jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku. Usidhani amewatupa. Angalia matumbo: ya mviringo na yaliyojaa maana yake wameshiba, yaliyosinyaa na ngozi iliyokunjamana maana yake hawanyonyi. Macho hufunguka siku ya kumi. Uzao wa kwanza kufa wote hutokea, umpe jike nafasi ya pili. Akishindwa mara tatu, naye ni wa nyama.

Kwa anayeanza, waachishe ziwa wakiwa na wiki tano hadi sita.

## Hatua ya 10: Jifunze kuchinja kabla ya siku ya kuchinja

Nenda kwa mfugaji anayechinja vizuri, nunua mmoja wa kwake, umwombe akuelekeze huku ukishika kisu mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hata isingekataza, sungura uliyemlisha kwa mkono wako anastahili mkono usiotetemeka.

Wakiwa na kilo 2 hadi 2.5 wanafaa. Kwa peleti nyingi wanafika hapo katika miezi mitatu, kwa majani zaidi ni minne hadi mitano. Usiku wa kuamkia siku hiyo ondoa chakula, acha maji. Chinja alfajiri, mbali na macho ya vizimba vingine, kwa kisu kilichonolewa hadi kinyoe nywele. Mtundike miguu ya nyuma, damu ichuruzike, chuna ngozi kuanzia miguuni kushuka kama unavua fulana. Ukipasua tumbo, usitoboe kibofu wala nyongo.

Kagua ini. Likiwa jekundu laini, sawa. Likiwa na madoa meupe, mara nyingi hiyo ni koksidia: tupa ini, na uanze kusafisha vizimba siku hiyo hiyo. Kama unauza nyama, ikaguliwe kwanza na mkaguzi.

Nyama iliyolala kwenye friji usiku mmoja ni laini kuliko ya moto moto. Haina mafuta mengi, kwa hiyo kwenye mkaa hukauka upesi, ipake mafuta au uichemshe kwanza. Mchuzi wa nazi inaukubali vizuri sana.

Kabla haijaingia jikoni, ipime. Andika kwenye daftari uzito wa mzima, uzito wa nyama, umri, na jina la mama yake. Nyama ikiwa chini ya nusu ya uzito wa mzima, rudi kwenye Hatua ya 5, ile ya majani. Watoto wa mama mmoja wakirudi nyuma kila mara kuliko wa mwenzake, usibakize binti yake.